Kabla Hatujazifungia Geti Pikipiki Zetu

Wanachuo wenzangu, naandika haya nikijua kabisa kwamba wengi wenu mmeshaamua. Tangu rafiki yetu wa Historia avunjike mguu muhula uliopita, kila kimbweta ukipita unasikia neno lilelile: pikipiki za wanafunzi zipigwe marufuku ndani ya chuo, yaishe. Hoja hiyo inakuja kwenye mkutano mkuu wa wanafunzi, na nimeambiwa ina saini nyingi. Mimi sijasaini. Na kwa kuwa ndiye niliyekaa pembeni ya kitanda chake wiki ile ya kwanza, nikimnywesha uji na kumsomea notisi, nadhani nina haki ya kueleza kwa nini.

Nianze na ukweli ambao hautusafishi. Siku ile jamaa alikuwa amechelewa jaribio la saa mbili asubuhi. Alikuwa peke yake. Helmeti ilikuwa kwenye kiwiko, kama kikapu cha kwenda sokoni. Alilipita daladala upande wa kushoto, upande ambao abiria wanashukia, na daladala likavuta kuingia kituoni. Hakukuwa na utelezi, hakukuwa na lori lililokatika breki, hakukuwa na shetani. Leo ameahirisha mwaka na anatembelea magongo. Makosa yalikuwa yetu, na nasema yetu kwa sababu sisi wenzake tulishamwona zaidi ya mara moja akiibeba ile helmeti mkononi, tukanyamaza.

Kwa hiyo msinisome mkidhani natetea pikipiki kwa kusema haziui. Zinaua. Ninachotetea ni kitu kidogo zaidi: Jumamosi zetu kwenye barabara za vumbi, juu ya pikipiki za zamani ambazo nyie mnazicheka kwa moshi wake. Marufuku ikipita, hizo ndizo zitakazokufa kwanza, maana mwenye Boxer mpya atapata pa kuiegesha mtaani na maisha yataendelea. Sisi wa ualimu tutakuwa tumepoteza darasa ambalo hakuna ukumbi wa chuo hiki unaolitoa.

Pikipiki zenyewe

Baba yangu alikuwa bwana shamba. Miaka mingi alizunguka vijijini kwa Suzuki TF125 ya serikali, na ilipochoka ikapigwa mnada, akainunua yeye mwenyewe. Nimekua nikimsikia anarudi kabla sijamwona. Mlio wake si ule wa bodaboda za sasa, "du-du-du" mzito. Ule unalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye debe: "riiing-ding-ding-ding". Nilipopata nafasi chuoni Morogoro, baba akaniambia, "Mwanangu, hela ya kukununulia simu ya maana sina. Chukua hii. Lakini ujue hii haiendeshwi, inaelewana na mtu."

Tupo wanne. Mwenzangu wa Kemia ana Yamaha AG100 iliyokuwa ya babu yake. Ile imetengenezwa kwa ajili ya mashamba: ina keria mbele na nyuma, mnyororo umefunikwa wote usile vumbi, na stendi iko pande zote mbili ili uweze kuiegesha kwenye mteremko wowote. Huyu wa Historia ana Yamaha DT125 iliyopakwa rangi mara nyingi mpaka hatujui ya kwanza ilikuwa ipi. Wa Jiografia hana pikipiki. Anapanda nyuma yangu, anabeba spana, na ndiye anayejua tuko wapi.

Zote tatu mafundi wanaziita pikipiki za kuchanganya, kwa sababu petroli unaichanganya na oili. Kwa wasiojua: injini ya bodaboda ya kawaida pistoni inapanda na kushuka mara mbili ndipo iwake mara moja. Hii yetu inawaka kila pistoni inapopanda. Haina valvu juu. Silinda ina matundu ubavuni, na pistoni yenyewe, ikipita, ndiyo inayoyafungua na kuyafunga. Petroli na hewa hupitia chini kwanza, kwenye krenki, halafu ndiyo ipande juu kuungua. Sasa kwa kuwa petroli inapita kule chini, huwezi kuhifadhi oili kule kama kwenye injini nyingine. Ndiyo maana oili inasafiri ndani ya petroli yenyewe, inalainisha ikipita, halafu inaungua. Moshi wa bluu mnaoulalamikia ndio huo.

Pikipiki zetu zilitoka kiwandani na pampu ya oili. Yangu ilikufa zamani, kwa hiyo napima kwa mkono: mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli. Ukizidisha, plagi inalowa na moshi unakuwa wa tanuri la matofali. Ukipunguza, pistoni inanata kwenye silinda na safari imeisha.

Rafiki yetu wa Historia, ambaye hawezi kunywa chai bila kukueleza ilitoka wapi, ndiye aliyetufungua macho kuhusu asili ya mashine hizi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili Wajerumani walikuwa na pikipiki ndogo ya aina hii, DKW RT125. Vita vilipoisha, michoro yake ikachukuliwa na washindi. Warusi wakaitengeneza, Waingereza wakaifanya BSA Bantam mwaka 1948, Wamarekani mwaka huohuo wakaitoa kwa jina la Harley-Davidson, na mwaka 1955 Wajapani wakaitumia kutengeneza pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1. Mchoro mmoja, mataifa manne. Kwa nini ule? Kwa sababu injini ile ina vipande vichache vinavyotembea, na mtu mwenye akili na spana anaweza kuielewa siku hiyohiyo. Urahisi huohuo ndio uliozifanya pikipiki za namna hii ziaminike mikononi mwa mabwana shamba na makatekista. Ikigoma porini, unaifungua hapohapo porini.

Kupanda Mgeta

Safari yetu ya mara nyingi ni ya Mgeta. Unatoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, unafika Sangasanga, unaiacha lami unaelekea Mlali. Hapo bado ni joto, mahindi na vumbi. Baada ya Mlali barabara inaanza kupanda milima ya Uluguru, na kila kona unaacha joto kidogo nyuma. Ukifika Langali na Nyandira umevaa sweta. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi mpaka juu: kabichi, karoti, njegere, viazi. Akina mama wanashuka na mizigo kichwani mahali ambapo wewe na injini yako mnahema. Fuso za mboga zinateremka zimejaa mpaka juu ya bodi, na ukikutana na moja kwenye kona, wewe ndiye unayetafuta pa kujibana.

Tuna sheria moja tu barabarani, na tulijiwekea siku ya kwanza baada ya kupotezana: kila mmoja anamwangalia aliye nyuma yake. Ukifika kona, geuka. Usipomwona, simama. Yule aliye mbele yako naye hatakuona wewe, atasimama, na hivyohivyo mpaka wa kwanza. Hakuna haja ya simu, na mahali pengine kule juu mtandao wenyewe haupo. Maana yake ni kwamba mwendo wa msafara ni mwendo wa pikipiki mbovu kuliko zote, na siku hiyo inaweza kuwa ya yeyote.

Mara ya kwanza ilikuwa DT. Mwenyewe alikuwa ameipeleka kwa mtu wa kuchomelea, akakata lile tumbo la ekzosi na kuweka bomba la moja kwa moja ili ingurume. Kweli ikanguruma. Lakini tulipoanza kupanda baada ya Mlali haikuweza kujivuta. Gia ya kwanza, mlio wa kutisha, mwendo wa kobe. Tukadhani ni plagi, tukaisugua kwa msasa. Tukadhani ni kabureta, tukaifungua juu ya kanga. Wapi.

Tuliporudi tulimpelekea fundi wetu, mzee mmoja wa Msamvu ambaye ametengeneza pikipiki hizi tangu hatujazaliwa. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, nani kawaharibia mtoto?" Hakuigusa hata spana. Alisikiliza mlio, akaangalia ekzosi, akacheka. Akatuambia lile tumbo halikuwa pambo. "Moshi ukitoka kwa nguvu unagonga kule mwisho pembamba, unarudi. Ukirudi unasukuma petroli iliyotaka kutoroka. Nyie mmemfungulia mlango."

Ndugu zangu, mimi nasoma Fizikia. Somo la mawimbi nilipata A. Nimechora mawimbi yakigonga ukuta na kurudi kwenye mitihani isiyopungua mitatu. Na nilikuwa nimesukuma pikipiki kilomita kadhaa mlimani kwa sababu ya wimbi linalogonga na kurudi, bila kulitambua. Siku ile nilijua tofauti ya kupata A na kuelewa.

Wa Historia naye hakuacha ipite hivihivi. Akaenda kusoma, akarudi na kisa cha mhandisi Walter Kaaden wa Ujerumani Mashariki, ambaye miaka ya 1950 alichunguza mawimbi ya ekzosi mpaka pikipiki ndogo za MZ zikatisha dunia kwenye mashindano, na dereva wake Ernst Degner aliyetoroka mwaka 1961 na siri hizo kwenda Suzuki. Mwaka uliofuata Degner akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za sisi 50 akiwa na Suzuki. "Kumbe Suzuki yako ina damu ya mkimbizi," akaniambia. DT tukaitafutia ekzosi yenye tumbo lake.

Darasa la uani

Sasa niwaeleze Jumamosi iliyonifanya niandike makala hii.

Tulikuwa tumefika Nyandira, na AG100 ikazima karibu na shule moja ya sekondari. Tukaomba kivuli. Mwalimu wa zamu akatoka, akatukaribisha, na aliposikia tunasoma ualimu na mmoja wetu ni wa Fizikia, akasema, "Basi Mungu kawaleta. Mwalimu wa Fizikia hapa ni mimi, na mimi ni wa Biolojia." Wanafunzi wa bweni walikuwa na kipindi cha ziada. Akaniomba niwafundishe chochote kwa saa moja.

Nilisimama ubaoni nikachora injini kama nilivyofundishwa: kufyonza, kubana, kuwaka, kutoa. Walinakili kwa adabu. Nikauliza kama kuna swali. Kimya. Mnaujua ukimya ule, nasi wenyewe tunautoa kila siku ukumbini. Halafu msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na ile pikipiki yenu pale nje inafanya hivyohivyo?"

Nikataka kusema ndiyo. Nikakumbuka kwamba haifanyi hivyohivyo.

Tukatoka nje wote. AG100 ilikuwa bado ya moto, tukaisubiri ipoe. Tukafungua nati mbili, tukatoa ekzosi. Huu ndio uzuri wa pikipiki za kuchanganya ambao bodaboda ya kisasa haina: ukitoa ekzosi na kuinama, unaiona pistoni kwa macho yako kupitia tundu lilelile la kutolea moshi. Wakapanga foleni. Mmoja anasukuma kiki kwa mkono taratibu, mwingine anachungulia. "Inapanda! Imefunga! Imefungua!" Yule msichana akachungulia muda mrefu kuliko wote, akainuka na masizi puani, akauliza: "Kama tundu la kutoa moshi na la kuingiza petroli yanafunguka pamoja, petroli nyingine si itatoka bila kuungua?"

Wenzangu, hilo ndilo kosa kubwa la injini hii. Ndilo lililowafanya wahandisi duniani wahangaike, na ndilo lililoiondoa sokoni. Binti wa sekondari aliligundua kwa kuchungulia dakika mbili kwenye tundu. Nikamwambia, "Ndiyo, inatoka. Na ndiyo maana ekzosi ina tumbo." Tukarudi darasani tukachora upya, safari hii wakinisahihisha.

Sijawahi kufundisha hivyo kwenye TP. Kwenye TP nilikuwa na andalio la somo lililopigwa mhuri, zana ya kufundishia ya boksi na gundi, na msimamizi aliyekaa nyuma akiandika. Nilipata alama nzuri. Sikumbuki swali hata moja niliyoulizwa na mwanafunzi.

Kuteremka

Ningeishia hapo ningekuwa nimewadanganya, kwa sababu siku hiyohiyo nilifanya ujinga.

Kutoka Nyandira kurudi Mlali ni mteremko mrefu. Na pikipiki ya kuchanganya ina hila yake kwenye mteremko: ukiachia moto kabisa, petroli haiingii, na petroli isipoingia oili nayo haiingii. Injini inazungushwa na tairi, kasi, ikiwa kavu. Fundi alishaniambia: "Ukiteremka, kila baada ya muda kamata klachi, ipige resi kidogo inywe. Na vidole viwili visitoke kwenye klachi." Nilikuwa na furaha ya yule msichana kichwani. Nikasahau kuinywesha.

Kwenye kona moja mlio ukabadilika, ukawa mwembamba, halafu tairi la nyuma likaloki. Pikipiki ikaanza kwenda upande. Vidole viliikamata klachi vyenyewe, nikasikia tairi linazunguka tena, tukasimama mimi na wa Jiografia nusu mita kutoka ukingoni. Chini kulikuwa na kabichi, mbali sana. Hakuna aliyeongea.

Wa Kemia alikuwa mbele yetu. Alifika kona yake, akageuka, hakutuona, akasimama. Wa Historia naye mbele zaidi akasimama. Ndani ya dakika chache walikuwa wamesharudi. Hakuna aliyenigombeza. Tulikaa chini karibu nusu saa injini ikipoa, tukala mapichi tuliyonunua juu, halafu tukashuka polepole kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Kuchonga silinda na kutafuta pistoni ya kufanana kulikula hela yangu ya chakula ya mwezi mzima. Nilikula kwa wenzangu kwa zamu.

Nimeifikiria sana siku hiyo tangu rafiki yetu aumie. Yeye na mimi tulifanya kosa la aina moja: tulikuwa na haraka vichwani mwetu, tukasahau tulichokijua. Mimi nilikuwa na watu nyuma na mbele, helmeti kichwani, mwendo wa kilomita 30 kwa saa kwenye vumbi. Yeye alikuwa peke yake kwenye lami, helmeti kwenye kiwiko. Mimi nilipoteza hela ya kula. Yeye amepoteza mwaka.

Mnayosema, na ninayojibu

Mnasema pikipiki hizi zinachafua hewa. Ni kweli, na sitapinga. Sehemu ya petroli inatoka mbichi, oili inaungua nusunusu, na miji kama Dhaka, mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliondoa bajaji za injini hizi kwa sababu watu walikuwa wanashindwa kupumua. Singependa Morogoro nzima ipande ninachopanda mimi. Zibaki chache, zitoke mara chache, na zisipite karibu na madirisha ya watu.

Mnasema ni kupoteza hela ya bumu. Safari ya Mgeta kwa watu wanne, petroli na oili, ni nafuu kuliko usiku mmoja wa baadhi yenu ambao siutaji hapa. Na tunarudi na kabichi.

Wengine, hasa kaka zangu, mnasema si kazi ya mtoto wa kike. Mlimani kule akina mama wameshaniona natoa plagi, wakaniuliza kitu kimoja tu: kama naweza kuangalia na ile ya mume wake, haiwaki tangu Pasaka.

Na mnasema ni hatari. Hapo ndipo nawasikiliza. Lakini jiulizeni marufuku itafanya nini. Wanafunzi hawataacha pikipiki. Wataziacha mtaani, wataendesha bila mtu wa kuwaangalia, na wengi watapanda bodaboda mshikaki, watatu bila helmeti hata moja, kama tunavyofanya sasa kila tukichelewa. Sheria itakuwa imetusafisha sisi kwenye makaratasi tu.

Halafu kuna jambo la sisi wa ualimu peke yetu. Mwaka kesho tunamaliza. Tukibahatika kuajiriwa, wengi wetu tutapangiwa shule ambazo haziko kando ya lami. Nimewasikia humu vimbwetani mkiomba Mungu msipelekwe "porini". Mimi nilikuwa naomba hivyohivyo. Sasa nimeshaona porini penyewe: pana mwalimu wa Biolojia anayefundisha Fizikia, na binti anayeuliza maswali ya uhandisi akiwa na masizi puani. Nisingepita barabara ile polepole, nisingeharibikiwa, nisingemkuta. Barabara za vumbi zimenifundisha kumngoja wa nyuma na kusikiliza kinachogoma kabla ya kukilaumu. Kama hiyo si kozi ya ualimu, sijui ni ipi.

Ninachoomba

Kwenye mkutano mkuu nitasimama niombe hoja ibadilishwe. Badala ya marufuku, tuweke masharti, na yaanze na sisi.

Asiye na leseni asiingie getini na pikipiki. Helmeti iwe kichwani kwa dereva na abiria. Ikionekana kwenye kiwiko, ihesabiwe haipo, na pikipiki ilale getini wiki mbili. Kila mwanzo wa muhula, breki, taa na tairi vikaguliwe na fundi, kwa gharama ya mwenye pikipiki. Aliyekunywa asiguse ufunguo. Na sisi wenye pikipiki za kuchanganya tuzime getini na kusukuma mpaka maegesho, ili wenzetu wasivute moshi wetu ukumbini. Sisi watatu tumeshaanza kusukuma. Inachosha, lakini ni haki.

La mwisho nalisema kwa niaba ya rafiki yetu wa Historia, kwa ruhusa yake. Nilimuuliza kama angependa tuiuze DT imsaidie matibabu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Iwasheni kila Jumapili isikauke. Na mwambieni yeyote mtakayemwona na helmeti mkononi. Msinyamaze kama mlivyoninyamazia." Lile la mwisho liliniingia, na ndilo limenifanya nikae kuandika.

Kwa hiyo kila Jumapili jioni, nyuma ya mabweni, mtasikia nyuki ndani ya debe kwa dakika tano. Ni yeye. Tuvumilieni.

Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaondoka Sangasanga saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwahidi mwalimu wa Nyandira kwamba tutarudi, na safari hii wa Kemia ana kipindi chake. Nafasi ya abiria ipo moja, nyuma ya AG100. Anayetaka kuona shule anayoiogopa kupangiwa, aje. Aje na sweta, na helmeti iwe kichwani.